Shafti iliyokatika bila mzigo: jibu kwa fundi wa Muheza

Swali: "Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi mitambo kwenye kiwanda kidogo cha kuchakata mkonge, upande wa Muheza. Shafti ya ngoma ya korona yetu (mashine ya kukwangua majani ya mkonge), yenye kipenyo cha milimita 90, ilifanya kazi miaka mingi bila tatizo. Mwaka jana ilikatika pale inapoingia kwenye beringi. Tukaichomelea, ikadumu wiki 7, ikakatika palepale. Tukanunua nyingine ya chuma kigumu zaidi, na kwa kuwa ilipwaya kwenye beringi tukaijazia kwa rodi ya kuchomelea kisha tukaikereza. Hiyo haikufika hata wiki 5. Tena ilikatika asubuhi, mashine ndiyo kwanza inawashwa, hata jani moja halijaingia. Inakuwaje chuma kigumu zaidi kife mapema, tena bila mzigo? La pili: mwakani naanza shahada ya pili na nimeambiwa niende na swali la utafiti. Kwenye mambo ya vyuma kuvunjika, bado kuna lisilojulikana, au wenzetu wa Ulaya walishamaliza yote? Nimekuambatanishia picha."

Marahaba, mwanangu. Kabla ya jibu nina ombi. Vile vipande vya shafti visije vikaishia kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu. Usivisugue kwa brashi ya waya, wala usivibananishe ili kuona kama vinaingiliana, kwa sababu nyuso mbili za mvunjiko zikigusana zinafutana alama. Pangusa maji, paka mafuta mepesi, funga kwa kitambaa kikavu, andika tarehe. Nalisema hili kwa uchungu. Karakana niliyoanzia kazi, hapa hapa Tanga, shafti ya aina moja ilikatika mara nne katika miaka mitatu, na kila mara vipande vilikuwa vimeshauzwa kabla mtu hajavitazama. Tulibaki kubishana juu ya ubora wa chuma, na ushahidi wote ulikuwa umeshapakiwa kwenye lori.

Sasa tutazame picha yako. Uso wa kile kipande cha mwisho una sehemu mbili. Inayoanzia ukingoni ni laini, imesuguliwa mpaka inang'aa, na ndani yake mna mistari myembamba iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, kama alama ambazo bahari huacha kwenye mchanga wa Raskazone maji yanapokupwa. Sehemu ya pili, ile iliyo karibu na katikati, ni chakarachakara, ina punje kama sukari guru iliyomegwa. Nimeipima kwenye picha kwa rula, haifiki robo ya uso wote.

Hapo swali lako la "bila mzigo" limeshajibiwa. Ile sehemu laini ni ufa uliokuwa unatembea polepole, siku baada ya siku, mashine ikiwa kazini. Kila mstari unaonyesha mahali ncha ya ufa ilipokuwa wakati hali ya kazi ilipobadilika: mashine iliposimama, mzigo ulipopungua, mkanda ulipokazwa upya. Sehemu ya punje ndiyo iliyokatika kwa mkupuo mmoja, mwishoni kabisa. Kwa hiyo kabla ya asubuhi ile shafti yenu ilikuwa inabeba ngoma kwa chini ya robo ya mwili wake, na bado inazunguka. Ule mshtuko wa mota kuwashwa ukaimalizia. Shafti iliyozidiwa mzigo haiachi uso wa namna hii; sehemu yake ya punje huwa kubwa. Yenu haikuzidiwa. Ilichoka.

Neno "uchovu" si fumbo langu, ndilo jina la ugonjwa wenyewe: uchovu wa chuma. Chora alama ya chaki kwenye shafti na uiwaze ikizunguka. Uzito wa ngoma na mvuto wa mkanda wa puli vinaipinda shafti kidogo sana, jicho halioni. Alama ikiwa upande mmoja, chuma pale kinavutwa. Ikifika upande wa pili, kinabanwa. Mzunguko mmoja, kuvutwa mara moja na kubanwa mara moja. Kama ngoma yenu inazunguka mara 500 kwa dakika, ambayo ni kasi ya kawaida kabisa kwa shafti ya viwandani, hiyo ni mara 30,000 kwa saa na mara 240,000 kwa siku ya saa 8. Wiki 7 za siku 6 za kazi zinakupa mizunguko zaidi ya milioni 10. Na mkanda unavuta hata pasipo jani hata moja kwenye mashine.

Unaona basi kwamba swali "chuma hiki kina nguvu kiasi gani?" halitoshi. Kipande cha chuma kikivutwa mara moja kinaweza kuhimili mkazo mara mbili au tatu ya ule utakaokikata ukirudiwa mara milioni 10. Waliolijua hili kwanza ni watu wa reli, tena baada ya msiba. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilivunjika ekseli ya kichwa, mabehewa yakapandana na kuwaka moto, wakafa watu zaidi ya 50. Wakati ule mafundi wengi waliamini kwamba mtikisiko hugeuza chuma ndani kwa ndani kikawa cha punje punje. Mwaka uliofuata kijana wa miaka 22, William Rankine, alizichunguza ekseli zilizovunjika na kuona kwamba mvunjiko ulianzia mahali ekseli inapopungua unene ghafla, kwenye kona kali, ukaingia ndani kidogo kidogo. Ushauri wake ulikuwa kona ile ikerezwe kwa mviringo. Baadaye, August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli huku zikipindwa, akahesabu mizunguko, na ripoti zake za kati ya 1858 na 1870 ndizo zilizotupa mchoro tunaoutumia mpaka leo: mkazo upande mmoja, idadi ya mizunguko upande wa pili. Reli yetu ya Tanga ilipoanza kujengwa 1893, maneno ya Rankine yalikuwa yameshatimiza miaka 50. Na shafti yenu, kwenye picha, ina kona ile ile aliyoikataza.

Itazame vizuri. Pale shafti inapopungua ili kuingia kwenye beringi pana bega, na kwenye kona ya ndani ya bega pana kwapa. Kwapa la shafti yenu limekatwa kwa ncha kali, kama kona ya kiberiti. Ukifuata ukingo wa mvunjiko utaona vingazi vidogo vidogo kuzunguka. Kila kingazi ni mahali nyufa mbili zilizoanza kila moja kivyake zilipokutana. Zilianza nyingi kwa pamoja kwa sababu kwapa lote lilikuwa kali.

Ukali wa kona unafanya nini? Muulize mama yeyote wa Ngamiani anayetenganisha doti ya khanga. Hahangaiki kuivuta kwa nguvu. Anatia mkato mdogo ukingoni kwa mkasi au kwa meno, anashika pande mbili, kitambaa kinachanika chote kwa sauti moja. Bila ule mkato, wanaume wawili wangevutana jasho likawatoka. Nguvu za mikono ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba nyuzi zote zilizokuwa zikigawana mzigo sasa zimeuacha kwa uzi mmoja ulioko kwenye ncha ya mkato, ukikatika unamwachia jirani yake. Mwaka 1913 Charles Inglis aliliweka hili kwenye hesabu. Tundu la duara kwenye bamba pana linalovutwa huzidisha mkazo mara 3 ukingoni mwake. Tundu lenye umbo la yai, lililolala kukingama mvuto, urefu wake ukiwa mara 10 ya upana, linazidisha mara 21. Ndiyo maana mafundi wa malori hutoboa tundu la duara kwenye ncha ya ufa wa chesisi: tundu ni baya, lakini ncha ya ufa ni mbaya zaidi. (Tundu lenyewe lisipofika mbele ya ncha halisi, ambayo mara nyingi imetangulia kuliko unavyoiona, umetoboa bure.)

Kwenye shafti yenu, kwapa lenye nusukipenyo cha milimita 2 hivi linauzidisha mkazo zaidi ya mara 2. Likikerezwa kwa nusukipenyo cha milimita 9, zidisho linashuka kuelekea mara 1.6. Hilo peke yake, bila kununua chuma kigumu zaidi, linaweza kuwa tofauti kati ya wiki 7 na miaka mingi.

Tuje kwenye fumbo lenyewe, chuma kigumu kufa kwanza. Mambo matatu yamekutana, na yote matatu yamefanywa kwa nia njema.

La kwanza ni kwamba kadiri chuma kinavyokuwa kigumu, ndivyo kinavyoumizwa zaidi na kona kali. Chuma laini hujinyoosha kidogo kwenye ncha, mkazo ukapungua. Chuma kigumu hakina huruma hiyo. Nguvu uliyolipia dukani hukuipata pale ulipoihitaji.

La pili ni ile rodi. Ungenieleza mambo yote na kuniuliza kosa moja kubwa ni lipi, ningekuonyesha hili. Kuchomelea kunayeyusha sehemu ndogo ya chuma, na chuma kikubwa baridi kilichoizunguka kinainyonya joto kwa kasi, kama fundi anayechovya patasi kwenye maji. Chuma chenye kaboni ya asilimia 0.4 na kuendelea kikipozwa hivyo, ukanda mwembamba kandokando ya mshono unageuka mgumu kama kigae. Kisha unyevu. Rodi zilizokaa wazi kwenye hewa ya Tanga zinanyonya maji, moto unayavunja, haidrojeni inaingia ndani ya chuma, na saa kadhaa au hata siku 2 baadaye, fundi ameshafunga karakana, ukanda ule mgumu unapasuka kimyakimya. Juu ya hayo, mshono unapopoa unasinyaa na kuacha mkazo uliofungiwa ndani, ambao unaweza kukaribia kiwango cha chuma kuanza kunyooka. Vipimo vingi vya miundo iliyochomelewa vimeonyesha jambo ambalo mafundi wengi hawaliamini mpaka walione: uhai wa mshono chini ya mizigo inayojirudia hauongezeki kwa kununua chuma chenye nguvu zaidi. Ufa unaanzia kwenye kisigino cha mshono, pale mshono unapokutana na chuma, na hapo ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mafundi wengi wameielewa methali hii kuwa ni kupaka rodi juu. Kwenye chuma, kufunika mdomo wa ufa si kuuziba. Mzizi wake umebaki chini, sasa umefunikwa usionekane, na ncha yake kali iko vile vile. Ufa wa chuma unazibwa kwa kuuchimba wote mpaka mwisho, kuhakikisha umekwisha, kupasha moto eneo lote kwanza, kujaza kwa rodi kavu, na kuacha ipoe polepole. Kwenye shafti inayozunguka, pale begani, mimi sichomelei hata kwa masharti hayo. Natengeneza nyingine.

La tatu ni maji ya mkonge, nalo ndilo litakalotupeleka kwenye swali lako la pili. Lakini nimalize kwanza la kiwanda, maana najua korona imesimama na majani yanakauka.

Nunua chuma cha kaboni ya kati, cha kawaida, chenye unene wa kutosha ili usilazimike kujaza chochote. Mkazo wa kupinda unapungua kwa mchemraba wa kipenyo, hivyo ukipata nafasi ya kuongeza unene kwa asilimia 10 tu, mkazo unashuka kwa robo. Mwambie mkereza akupe kwapa la mviringo mpana, na kama ukingo wa beringi hauruhusu mviringo huo, aweke pete kati ya bega na beringi. Kwapa lisuguliwe kwa msasa laini mpaka mikwaruzo ya kisu ipotee, kwa kuwa kila mkwaruzo ni mkato wa khanga. Mfereji wa ufunguo wa puli, ule unaokatwa ili kuishikiza puli kwenye shafti, usifike begani. Pangilia beringi mbili zikae kwenye mstari mmoja, na mkanda usikazwe kupita kiasi; nimeona mkanda uliokazwa kwa bidii ukiua shafti iliyokuwa haina kosa.

Kisha kila Jumamosi mashine ikisimama, zima umeme kabisa, safisha kwapa na ulikaushe. Paka mafuta ya taa, subiri nusu saa, pangusa mpaka pawe pakavu, halafu pulizia unga laini wa chaki. Kama pana ufa uliofika juu, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mwembamba wa kijivu kwenye chaki. Njia hii ilitumika kwenye karakana za reli miaka mingi kabla ya vifaa vya kisasa, na haigharimu hata nauli ya kwenda mjini. Haioni ufa uliozibwa na kutu au uliojificha chini ya mshono, hiyo ndiyo kasoro yake.

Sasa utafiti. Hapana, hawajamaliza. Wala si karibu.

Nikueleze wamefika wapi kwanza. Mwaka 1921 A. A. Griffith, akifanya kazi Farnborough, Uingereza, alichapisha vipimo vya nyuzi za kioo. Uzi mnene wa milimita 1 ulikatika kwa mkazo wa kawaida wa kioo. Uzi mwembamba kuliko yote ulihimili karibu mara 20 zaidi. Maelezo yake yalikuwa kwamba kioo kimejaa nyufa ndogo zisizoonekana, na uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa. Ufa, alisema, unakua pale nishati inayoachiliwa na mwili uliovutwa inapotosha kulipia nyuso mpya mbili zinazozaliwa. Mwaka 1957 George Irwin wa Marekani akatupa kipimo kimoja cha ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Paul Paris akaonyesha kwamba kasi ya ufa kwa kila mzunguko inafuata kipimo hicho: kwa vyuma vingi, ukali ukiongezeka mara 2, kasi inaongezeka karibu mara 8. Majarida makubwa yaliikataa makala yake, ikatoka 1961 kwenye jarida dogo la chuo. Leo ukaguzi wa ndege kubwa za abiria hupangwa kwa hesabu za ukoo huo. Likumbuke hili siku msimamizi wako atakapokunja uso.

Pengo liko wapi? Hesabu ya Paris inakwenda vizuri ufa ukishakuwa mrefu. Ufa mfupi, wa ukubwa wa punje moja au mbili za chuma (zile fuwele ndogo zinazokiunda), hauitii. Unakimbia pale unapotakiwa kutembea, unasimama ukikuta mpaka wa punje, unaanza tena. Na kwenye shafti nyingi sehemu kubwa ya umri inatumika hapo hapo, katika nusu milimita ya kwanza. Pengo jingine ni kutu. Kwenye hewa kavu, chuma laini kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake hakichoki hata uzungushe mara milioni 10. Tangu miaka ya 1920, vipimo vya D. J. McAdam huko Annapolis vilionyesha kwamba chuma kikilowa maji yanayokula, kiwango hicho kinatoweka. Hakuna tena mkazo wa salama. Kuna kuchelewa tu. Kutu inachimba kishimo, kishimo kinakuwa kona kali, kona inazaa ufa. Ni wakati gani kishimo kinaacha kuwa kishimo na kuwa ufa? Watu wenye maabara kubwa kuliko zetu zote wanalibishania hilo mpaka leo.

Nawe unaishi juu ya swali hilo. Korona inamwagiwa maji siku nzima, na kilichomo ndani ya maji hayo ni utomvu wa majani, wenye asidi. Mikono yako inajua unavyowasha. Chuma nacho kinajua. Kwenye picha yako, nje kidogo ya mvunjiko, kuna vidoti vyeusi kama vilivyochomwa kwa sindano. Vile ni vishimo.

Ungefikiri jambo rahisi ni kuchukua vipande vya chuma, kuvidondoshea maji ya mkonge, na kuvizungusha kwenye mashine ya haraka ya maabara. Mashine inayozungusha mara 100 kwa sekunde inamaliza mizunguko milioni 10 kwa saa 28 tu. Korona yenu inachukua siku 42 za kazi, pamoja na usiku na Jumapili zilizo katikati. Asidi inakula kwa saa, haihesabu mizunguko. Kwa hiyo kipimo cha haraka kitakuambia shafti iko salama, kwa sababu hakikuipa asidi muda wa kuchimba. Halafu kuna jambo ambalo linanikosesha usingizi kila nikilifikiria: mashine inapolala, maji yanakauka ndani ya mdomo wa ufa, hewa inaingia, kutu inavimba, Jumatatu maji yanarudi. Je, kulala huko kunaongeza kasi ya ufa, au kutu iliyoziba mdomo inaupunguza kwa muda? Zote mbili zimewahi kuonekana kwenye vyuma na vimiminika vingine. Kwa shafti inayofanya kazi ndani ya utomvu wa mkonge, kwa ratiba ya kiwanda cha mkonge, hilo ni swali la kwako kabisa.

Watakuwepo watakaokushauri uache mkonge na ufuate bomba la mafuta ghafi linalokuja Chongoleani kutoka Hoima, kilomita 1,443, bomba linalopashwa joto, lenye mishono isiyohesabika. Maswali yake ni mazuri, sikukatazi. Lakini bomba lile lina wahandisi wake, vipimo vyake na fedha zake. Shafti ya korona ina wewe.

Kama moyo wako unapenda zaidi nyuzi kuliko vyuma, nikupe swali la pili kwa ufupi. Mkonge uliofika Pangani mwaka 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, miche 62 iliyonusurika kati ya 1,000, umetufanya tuuze kamba kwa zaidi ya karne. Sasa watu wanauchanganya na saruji kutengeneza vigae na mbao za kuezekea, na Tanga ina vyote viwili, mkonge shambani na saruji Pongwe. Kigae kinakuwa kigumu kuvunjika mwezi wa kwanza. Miaka michache baadaye kinavunjika kama biskuti. Magadi ya saruji yanaula ule ulimbo unaoshikanisha vijiuzi ndani ya uzi, na chokaa inaingia na kuugandisha. Inajulikana kwamba kupunguza chokaa huria kwa jivu zuri la pumba za mpunga kunasaidia. Lisilojulikana vya kutosha ni uzi wenyewe ulifika kwenye saruji ukiwa na majeraha kiasi gani kutoka kwenye visu vya korona. Waloddi Weibull wa Sweden alitupa mwaka 1939 hesabu ya kiungo dhaifu: uzi mrefu ni dhaifu kuliko mfupi, kwa sababu una nafasi zaidi ya kubeba jeraha baya. Kwa kuvuta nyuzi za urefu wa sentimita 1, 5 na 20, mia kwa kila urefu, unaweza kuhesabu majeraha bila kuyaona. Fundi wa korona anayeweza kusogeza visu milimita moja na kupima tofauti hiyo atawafaa wakulima na wajenzi kwa pamoja.

Lakini mimi ningeanza na shafti. Hauhitaji mashine ya fedha nyingi. Mota ndogo, beringi mbili, jiwe la mzani lililoning'inizwa kwenye ncha ya kipande cha mtihani, na kihesabio cha mizunguko kinachosimama kipande kikikatika. Ndiyo mashine ya Wöhler, fundi wa karakana anaitengeneza kwa wiki mbili. Zungusha kwa mara 500 kwa dakika, kasi ya korona yenyewe, usidanganywe na haraka. Ukiiacha usiku na mchana, milioni 10 zinatimia kwa karibu siku 14. Tengeneza mashine kama 8 hivi, maana vipande pacha kwa mkazo ule ule vinaweza kupishana umri mara 10, na kipande kimoja hakikuambii kitu. Fungu la kwanza la vipande lizunguke kavu. La pili lidondoshewe utomvu mbichi wa siku hiyo, si wa jana, na kila asubuhi upime asidi yake uandike. La tatu lidondoshewe vile vile, ila lisimame kila usiku na Jumapili nzima kama kiwandani.

Fungu la tatu ndilo ninalolisubiri mimi. Ukishapata vipande sita vya kwanza, niandikie vilikatika kwenye mzunguko wa ngapi, na kama vilikatika Jumatatu.